Stahili ya Msaidizi

Mwezi Juni 2015, Golden State Warriors walipoifunga Cleveland Cavaliers mechi nne kwa mbili na kutwaa ubingwa wa NBA, watu 11 walipiga kura kumchagua mchezaji bora wa fainali. Saba walimpa Andre Iguodala wa Warriors, wanne wakampa LeBron James wa timu iliyofungwa. Stephen Curry, mchezaji bora wa msimu mzima, hakupata hata kura moja. Iguodala hakuwa ameanza mechi yoyote ya msimu wa kawaida mwaka ule. Kila mara alitokea benchi, na hakuna aliyewahi kutwaa tuzo hiyo kwa njia hiyo kabla yake. Upande wa pili alikuwepo msaidizi mwingine, Matthew Dellavedova, kijana wa Maryborough katika jimbo la Victoria, Australia, ambaye mwaka 2013 hakuchaguliwa na klabu yoyote katika usajili wa wachezaji wapya. Tangu hapo wapenzi wa mpira wa kikapu wamebishana: kati ya wasaidizi hao wawili, nani alikuwa bora? Ubishi huo una uzito zaidi kuliko unavyoonekana, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi. Binadamu hafanyi kazi peke yake, na matunda ya kazi huchumwa pamoja. Basi stahili ya mmoja wetu hupimwaje, na je, inaweza kuwekwa kwenye mizani moja na stahili ya mwingine aliyetumikia kwingine?

Tuanze na yaliyotendeka uwanjani. Kevin Love wa Cleveland alikwisha kuteguka bega katika raundi ya kwanza ya mchujo. Katika mechi ya kwanza ya fainali Kyrie Irving naye akavunjika mfupa wa goti. Ndipo Dellavedova akaingizwa kikosi cha kwanza, akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitamani: kumkaba Curry. Katika mechi ya pili Curry alirusha mitupo 23 akaingiza mitano tu. Kwa umbali wa pointi tatu alirusha 15 akaingiza miwili. Muda wa ziada ulipokaribia kwisha Cleveland wakiwa nyuma kwa pointi moja, mchezaji mwenzake alikosa kikapu, Dellavedova akauwahi mpira, akachezewa rafu, akaingiza mitupo huru yote miwili zikiwa zimebaki kama sekunde 10. Cleveland wakashinda 95 kwa 93. Mechi ya tatu alifunga pointi 20, timu yake ikashinda tena, na usiku ule ule alipelekwa hospitali kwa kukakamaa misuli na kuishiwa maji mwilini. Warriors walikuwa nyuma mechi mbili kwa moja. Ndipo Nick U'Ren, msaidizi wa kocha Steve Kerr ambaye jina lake lilikuwa halijulikani nje ya klabu, alipoangalia picha za fainali ya mwaka uliotangulia, akaona jinsi San Antonio walivyombadilisha mtu mmoja wa kikosi cha kwanza, akapendekeza Iguodala aanze badala ya Andrew Bogut, mchezaji wa kati aliye mrefu sana. Kerr alikubali. Mechi ya nne Warriors walishinda 103 kwa 82, na hawakufungwa tena.

Ukitazama takwimu, ubishi unaonekana umekwisha. Iguodala alimaliza fainali kwa wastani wa pointi 16.3 huku akimkaba LeBron James, ambaye alilazimika kurusha mno na kuingiza chini ya mitupo minne kwa kila kumi. Dellavedova alichoka; baada ya ile mechi ya tatu hakuwa yule tena, na katika mechi ya tano Curry alifunga pointi 37. Lakini takwimu hizo zinapima nini hasa? Iguodala alipata nafasi ya kurusha akiwa peke yake kwa sababu Cleveland waliamua kwa makusudi kumwachia yeye, ili watu wawili wamvamie Curry. Pointi zake ziliandikwa kwa jina lake, ila nusu ya kazi ilifanywa na hofu ambayo wapinzani walikuwa nayo juu ya mtu mwingine. Tuseme tunataka kuligawa tunda kwa haki. Tutampa nani kiasi gani?

Mwaka 1953 mwanahisabati wa Marekani, Lloyd Shapley, ambaye mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alitoa jibu ambalo hadi leo ni miongoni mwa majibu makini kuliko yote. Chukua kila mpangilio unaowezekana wa washirika kuingia kazini mmoja baada ya mwingine, angalia kila mmoja anaongeza nini anapoingia, kisha tafuta wastani. Hebu tumfikirie mvuvi mwenye mtumbwi na mpiga kasia mmoja. Bila mmoja wao hakuna samaki, kwa hiyo kila mmoja anastahili nusu ya samaki waliopatikana. Sasa akija mpiga kasia wa pili, na mtumbwi unahitaji mmoja tu, hesabu ya Shapley inabadilika ghafla: mwenye mtumbwi anapata theluthi mbili, na kila mpiga kasia anabaki na sehemu moja ya sita. Mpiga kasia wa kwanza ameshuka kutoka nusu hadi moja ya sita, ilhali mkono wake haujalegea hata kidogo. Kilichobadilika ni uwepo wa mtu mwingine kando yake.

Hayo si mambo ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2016 timu zile zile mbili zilikutana tena katika fainali, na wasaidizi wetu wawili walikuwemo. Irving alikuwa mzima. Dellavedova, aliyekuwa ametoka kwenye msimu mzuri, alicheza dakika chache sana, na Cleveland wakatoka nyuma mechi tatu kwa moja wakatwaa ubingwa. Iguodala, katika mechi ya saba, matokeo yakiwa 89 kwa 89 na zimebaki chini ya dakika mbili, alipokea pasi ya Curry akaruka kuutia mpira kikapuni; LeBron James akaja mbio kutoka nyuma akaugongesha mpira ubaoni. Dakika moja baadaye Irving akafunga pointi tatu na mambo yakaisha 93 kwa 89. Kama stahili ni mchango unaoonekana, basi tuseme mwaka 2016 Dellavedova alikuwa karibu na bure na Iguodala alikuwa mtu aliyepoteza nafasi ya ubingwa. Sidhani yupo mtu mwenye akili timamu atakayekubali hukumu hiyo. Nafasi za watu wale zilibadilika katika miezi 12. Watu wenyewe hawakubadilika hivyo.

Naona hapa tunachanganya vitu vitatu ambavyo lazima vitenganishwe. Uwezo ni mali ya mtu, na unaweza kulinganishwa: Iguodala alikuwa na mwili, jicho na uzoefu ambao Dellavedova hakuwa nao, na hilo halihitaji mjadala. Mchango ni tokeo la mtu akikutana na haja na wenzake, kwa hiyo hauwezi kung'olewa ukahamishiwa timu nyingine bila kuharibika. Hata Shapley hugawa ndani ya ushirika mmoja, hana la kusema kati ya ushirika mmoja na mwingine. Stahili ni jambo la tatu, nayo hupimwa kwa kuuliza kama mtu alitoa alichodaiwa kwa kile alichopewa. Ukiisoma habari ya talanta katika Injili ya Mathayo kwa utulivu utaona jambo ambalo mahubiri mengi huliruka. Mtumishi wa talanta tano alizalisha tano, wa mbili akazalisha mbili, na bwana wao aliwapa wote wawili sifa ile ile, neno kwa neno. Hakuna mahali ambapo anawalinganisha. Kipimo cha kila mmoja ni kile alichokabidhiwa, na aliyelaumiwa ni yule aliyefukia. Katika sura ya Al-Baqara Waislamu nao wanafundishwa kwamba nafsi haidaiwi zaidi ya uwezo wake. Na Epiktetos, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa, aliwaambia wanafunzi wake kwamba kuchagua nafasi katika mchezo wa maisha ni kazi ya mtunzi. Yetu ni kuicheza vyema nafasi tuliyopewa.

Atatokea mtu wa vitendo aseme: falsafa hiyo haimsaidii kocha, maana kocha lazima achague, na soko la wachezaji hulinganisha watu kila siku kwa fedha taslimu. Ni kweli, na sina ugomvi na kocha anayelinganisha uwezo kwa ajili ya nafasi maalumu. Alichofanya Kerr kabla ya mechi ya nne kilikuwa hicho: hakusema Iguodala ni mtu bora kuliko Bogut, alisema pengo hili linamhitaji huyu. Soko ndilo linalopotoka mara kwa mara, kwa kudhani kwamba mchango ni kitu anachokibeba mtu mfukoni. Baada ya fainali ya 2016 Dellavedova alihamia Milwaukee kwa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya takriban dola milioni 38. Mwezi Desemba 2018 alikuwa amekwisha kurudishwa Cleveland. Sitaki kusema sababu ni moja tu. Ila usiku ule wa Juni 2015 haukuwa wa kununuliwa, kwa sababu nusu yake ilikuwa goti la Irving na mzigo wa LeBron.

Kuna pingamizi lingine, na hili linaniumiza zaidi kwa sababu lina ushahidi wa historia. Fundisho la kwamba kila mtu aicheze nafasi yake limekuwa mto laini wa wenye nguvu. Plato, katika mji wake wa haki, alimfunga kila mtu na kazi yake moja. Watawala na mabwana wa watumwa wamewaambia wanyonge kwamba utii katika nafasi ya chini ni ibada. Je, kumsifu msaidizi anayekaa benchi bila kinyongo si kuurudia wimbo ule ule? Nasema inategemea benchi limepatikanaje. Iguodala alikuwa ameanza kila mechi aliyocheza kwa misimu kumi mfululizo, jumla 758, na alikwisha kuteuliwa mmoja wa nyota wa ligi mwaka 2012. Kerr alipomwomba ampishe mwenzake Harrison Barnes katika kikosi cha kwanza, alimwomba mtu mwenye mkataba, mwenye jina, anayeweza kulalamika akasikilizwa. Na kocha huyo huyo alikubali kuipindua nafasi hiyo haja ilipobadilika, tena kwa ushauri wa mtu wa ngazi ya chini katika benchi la ufundi. Hapo ndipo ilipo tofauti ya utumishi na utumwa: anayepewa nafasi ndogo ana sauti, analipwa, na nafasi yenyewe haijapigwa misumari. Epiktetos alikuwa na haki ya kuwafundisha wenzake subira. Bwana wake hakuwa nayo.

Tena stahili si kujituma tu, hata kwa gharama ya wengine. Katika mchujo wa 2015 dhidi ya Atlanta, Dellavedova aliurukia mpira uliokuwa ukizagaa akamwangukia Kyle Korver mguuni, na Korver hakucheza tena msimu ule. Wapo waliomwita mchafu, wapo waliosema ni ari. Mimi siamini alikusudia, lakini kama stahili inapimwa kwa kile mtu alichodaiwa, basi mguu wa mpinzani nao umo katika deni hilo, na msaidizi anayejua kwamba mwili wake ndio silaha yake pekee anapaswa kuutazama zaidi unapoangukia.

Kwa hiyo kura saba za 2015 zilikuwa halali kama tuzo ya mchango. Zikichukuliwa kuwa hukumu juu ya thamani ya watu, hazina mamlaka. Iguodala alikuwa na uwezo mkubwa zaidi, alidaiwa zaidi, akatoa. Dellavedova alidaiwa kumsimamisha mfungaji hatari kuliko wote kwa usiku mbili, akatoa mpaka akalazwa. Mwaka 2021 alikuwemo katika kikosi cha Australia kilichoifunga Slovenia mjini Tokyo na kuipatia nchi hiyo medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mpira wa kikapu wa wanaume. Mwaka uliofuata Iguodala alitwaa ubingwa wake wa nne na Golden State, akitokea benchi.