Daktari mwanafunzi akifa kwa maradhi ya mlipuko, tuseme ni shahidi kisha tunyamaze?

Oktoba 1, 2022, mjini Fort Portal nchini Uganda, alifariki dunia Mtanzania mwenzetu, Dk. Mohammed Ali, akiwa na umri wa miaka 37. Alikuwa daktari tayari, ila alikuwa amerudi masomoni kusomea ubingwa wa upasuaji. Ebola ilikuwa imetangazwa nchini humo Septemba 20. Hadi mlipuko ule ulipotangazwa kumalizika Januari 11, 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa, na saba kati yao walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nilipowasimulia habari hii wanafunzi wangu wa Maarifa ya Uislamu hapa Mawengi, wilayani Ludewa, mmoja alisema haraka: "Huyo ni shahidi, ustadhi." Mwenzake akauliza: "Kama ni shahidi, basi hakuna wa kuulizwa?" Siku ile sikumjibu. Najaribu leo.

Ni kweli Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa Muislamu anayekufa kwa tauni hupata daraja ya shahidi. Tunamuombea marehemu daraja hiyo. Lakini shahada ni zawadi ya Allah kwa mja wake, wala si kisingizio cha kiongozi ambaye hakununua glovu.

Daktari anayesomea ubingwa ana hali ya pekee. Ni mfanyakazi, kwani ndiye anayekesha wodini. Ni mwanafunzi pia, na cheti chake kimo mikononi mwa wale wale wanaompangia zamu. Anayesubiri saini ya mwalimu wake atasemaje, "siingii bila vifaa"? Mubende, mlipuko ulikoanzia, madaktari wa mafunzo ya vitendo waligoma Septemba 2022 wakidai vifaa vya kujikinga. Ni rahisi kuwaita waoga. Lakini tuangalie waliotutangulia walifanya nini.

Umar bin Khattab (r.a) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni. Alishauriana na Masahaba, kisha akawarudisha watu wake Madina. Abu Ubayda (r.a) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Baadaye, wanasimulia wanahistoria, Umar alimwandikia Abu Ubayda atoke Sham. Yeye akaomba abaki na askari wake, na tauni ya Amwas ikamchukua.

Kiongozi alifanya kila njia kuwakinga watu, na aliyebaki alibaki kwa hiari yake. Sisi tumegeuza. Kiongozi anahimiza kujitolea, na anayejitolea ni kijana asiye na uwezo wa kukataa.

Mtu atasema: wagonjwa wanakufa, nani awahudumie? Hoja hiyo ni nzito. Tiba ni fardhi kifaya, wachache wakiisimamia sisi wengine tunasalimika na dhambi. Lakini tuliosalimika tunadaiwa. Asiyeingia wodini ana wajibu wa kumpatia anayeingia vifaa, bima, na matunzo ya familia yake akiugua au akifa.

Liko deni jingine, nalo ni elimu. Corona ilipoingia, vyuo vyetu vilifungwa Machi 2020 hadi Juni 1. Kwingi duniani upasuaji usio wa dharura uliahirishwa, na aliyekuja kujifunza kushika kisu akapelekwa kuhudumia wagonjwa wa kifua. Upasuaji haujifunzwi kitabuni. Hujifunzwa kwa mkono, kando ya bingwa, tena na tena. Mtume (s.a.w) ameonya kuwa anayetibu bila kujulikana kwa utaalamu ana dhamana ya madhara atakayosababisha. Je, dhamana hiyo imwangukie peke yake kijana aliyetumwa kwingine kwa amri, kisha akaharakishwa kuhitimu? Kumwongezea muda bila kumdai ada upya ni haki yake, wala tusiite hisani.

Jambo hili si la Uganda tu, wala si la mijini tu. Mgonjwa wa huku Mawengi anayehitaji bingwa husafirishwa Njombe, au Mbeya kabisa. Mkoa wetu wa Njombe ndio ulioongoza kwa maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, asilimia 12.7 ya watu wazima, katika utafiti wa kitaifa wa 2022-2023. Kwa hiyo hatari ya damu na sindano huku si hadithi ya mbali. Bingwa mmoja akizikwa kabla ya kuhitimu, au akihitimu nusunusu, anayeumia ni mzazi wa kijijini aliyeuza mahindi apate nauli.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu ni hili. Yeye tunamtarajia kuwa shahidi, na wa kuulizwa wapo. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, kuanzia aliyepanga zamu hadi sisi tuliotibiwa tukaenda zetu nyumbani.

Wabillahi tawfiq.