Je, ni haki kumlaumu kijana tuliyemsifu?

Wapendwa, vijana wetu hubishana sana juu ya Saido Berahino. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, akafiwa na baba vitani, akakimbilia Uingereza akiwa mtoto. Msimu wa 2014-15 aliifungia West Bromwich Albion mabao 14 ya ligi, wakamwita nyota. Baadaye alikaa miaka miwili na nusu bila bao, wakamzomea.

Alaumiwe? Mwenye kulipwa huulizwa juu ya kazi yake. Kumnyamazia si upendo. Lakini aliyemsifu jana kupita kiasi asimtupe leo. Mwaka 2018 alianza kuichezea Burundi, na 2019 walifika Kombe la Afrika.

Wazazi, tuwakosoe watoto kwa makosa yao, si kwa ndoto tulizowatwika sisi.