Kabla Hujatuma Pesa ya Pango Ughaibuni

Wajukuu zangu mnaojiandaa kuondoka Ikungi, nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa miaka mingi, na daftari langu la wageni bado ninalo. Kwetu mgeni akifika, mwenyeji wake ndiye humleta: huyu ni fulani, ametoka Manyoni, atakaa kwangu mpaka mavuno ya alizeti yaishe. Nikaandika. Baadaye mgeni huyo akihitaji barua ya utambulisho kwa mtendaji, afungue akaunti ya benki au aombe kitambulisho cha NIDA, kulikuwa na mtu wa kusema anamfahamu.

Huko mnakokwenda hakuna atakayewashika mkono. Mgeni hujipeleka mwenyewe kuandikishwa, na siku zake zinahesabiwa tangu anapoingia ndani ya nyumba.

Anayekwenda kusoma China ajue kwamba kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, mgeni asiyelala hotelini anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini hadi yuan 2,000. Japani wanatoa siku 14, na anayepitisha siku 90 bila sababu ya msingi anaweza kufutiwa kibali cha kuishi.

Nitakaa zaidi kwenye Ujerumani, maana ndiko wengi wenu mnakoelekea kusomea uuguzi, na ndiko mtoto wa marehemu kaka yangu alikoumia. Alipata chumba kupitia mtu aliyekutana naye kwenye simu. Bei nafuu, picha nzuri. Akatuma dhamana ya miezi miwili, pesa iliyotokana na ng'ombe watatu wa baba yake. Alipofika, yule mtu akamwambia: kaa, lakini usijiandikishe hapa. Naye, kwa adabu tuliyomfundisha ya kutobishana na mwenye nyumba, akanyamaza.

Kumbe Ujerumani mtu ana wiki mbili tu tangu ahamie, awe amefika ofisi ya wakazi ya mji. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Tangu tarehe 1 Novemba 2015 lazima uende na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba ikithibitisha kwamba umehamia kwake, na sheria inamlazimu kukupa. Anayekataa huenda yeye mwenyewe ni mpangaji anayepangisha kwa siri, au hataki pango lake lijulikane. Faini ya kuchelewa inaweza kufika yuro 1,000. Lakini faini haikuwa ndiyo iliyomliza kijana wetu. Namba ya kodi ya mapato hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyoandikisha. Benki ilimtaka cheti cha makazi, na ofisi ya wageni nayo ikataka anwani kabla ya kushughulikia kibali chake. Kila mlango aliogonga ulimrudisha kwenye chumba kile ambacho, kwa maandishi, hakuwamo. Alihama baada ya miezi mitatu, na dhamana hakurudishiwa.

Wapo watakaowauzia anwani: lipa kidogo, jina lako liandikwe kwangu, ulale kwingine. Msikubali hata mkiwa na shida. Huo ni uongo mbele ya serikali, na anayetoa anwani ya nyumba ambayo mtu haishi wala hana nia ya kuishi anaweza kutozwa hadi yuro 50,000. Na barua zako zitaangukia mikononi mwa mtu usiyemjua, nazo barua za serikali kule zina tarehe za mwisho za kujibu.

Tena, bandikeni majina yenu kwenye sanduku la barua la nyumba. Jina lisipokuwepo, mpeleka barua huirudisha ilikotoka. Na mkirudi nyumbani moja kwa moja, futeni uandikishaji kabla ya kuondoka au ndani ya wiki mbili baada ya hapo. Bila hivyo, ada ya redio na televisheni ya yuro 18.36 kwa mwezi huendelea kudaiwa kwa jina lenu.

Najua mmechoka na karatasi. Mwaka 2022 vibao vya anwani za makazi vilipobandikwa kwenye nyumba zetu, baadhi yenu mliniuliza vina faida gani wakati kila mtu hapa anajua kwa nani ni wapi. Ugenini hakuna anayejua.

Basi kabla hujatuma hata shilingi, muulize mwenye nyumba kwa maandishi: nitaandikishwa kwenye nyumba hii, na utanisainia karatasi? Akisema hapana, au akizungukazunguka, acha chumba hicho na unipigie simu. Ni afadhali tuuze mbuzi mwingine ulale hosteli wiki mbili ukitafuta.