Aliyesoma Tu, Ana Lawama?

Mwalimu wetu mmoja chuoni Mombasa alitupa kazi ya likizo ambayo mwanzo niliiona nyepesi. Alisema kila mwanafunzi arudi kwao, atafute neno moja lililotolewa mbele ya watu wote, liwe limeandikwa ubaoni, limebandikwa ukutani au limetangazwa kwa kipaza sauti, kisha aeleze neno hilo huwavuta watu kwa njia gani. Nilidhani nitaimaliza kazi hiyo ndani ya basi. Nimeimaliza, lakini si ndani ya basi, wala si kwa neno nililokusudia kuliandika.

Kwetu ni upande wa Garsen, katika kaunti ya Tana River. Mtu atokaye Malindi hufika kwanza Minjila, pale njia ya Hola na Garissa inapoachana na ile ya Garsen na Lamu. Hapo pana vibao vingi. Vingine vyaonyesha ofisi, vingine vyasema mradi wa maji au wa mbegu umeletwa na fulani, na karatasi za wagombea wa uchaguzi wa 2022 nilizikuta zingali zimeshikamana na nguzo. Nyuso zimefifia kwa jua lakini meno yangali meupe. Nilishuka na daftari nikanakili. Jambo nililoliona ni hili: maneno mengi yalisimama juu ya "sisi" na "yetu". Amani yetu, ardhi yetu, zamu yetu. Na "sisi" ni neno zuri, walakini halitimii mpaka awepo asiyekuwamo. Kibao hakimtaji mtu huyo. Humwachia msomaji amtaje mwenyewe moyoni mwake, na hapo ndipo penye nguvu yake, kwani mtu hulishika zaidi neno alilolimalizia mwenyewe kuliko alilopewa limekwisha.

Nilipofika hapo kalamu ikanisita, maana nilikumbuka jambo ambalo kwa miaka mingi sikutaka kulikumbuka.

Wasiopajua kwetu huenda wakadhani kwamba Wapokomo na Waorma ni watu waliotupwa pamoja kwa bahati mbaya. Sivyo. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hufurika na kupungua. Ukipungua huacha tope ambalo sisi hulilima mpunga, mahindi na migomba, na huacha majani mabichi ambayo wafugaji huyategemea wakati bara kumekauka. Zipo njia za ng'ombe kuteremkia mtoni, ziitwazo malka, na tangu zamani wazee wa Gasa wa Kipokomo na wazee wa Matadeda wa Kiorma walikuwa wakikaa kushauriana ng'ombe wapite wapi na lini. Mwaka 2008, ulipotangazwa mpango wa kugeuza maelfu ya hekta za bonde letu kuwa mashamba ya miwa, wapo wakulima na wapo wafugaji walioupinga kwa sauti moja. Ugomvi ulikuwapo, na mwaka 2001 ulimwaga damu. Walakini siku za maziwa zilikuwa nyingi kuliko siku za ugomvi.

Nasema maziwa kwa maana yake khasa. Alikuwapo mama mmoja wa Kiorma aliyekuja mlangoni kwetu kila asubuhi na vibuyu vyake. Mama yangu alichukua maziwa, akatoa ndizi au fedha, na siku nyingine hakutoa kitu mpaka mwisho wa wiki. Alipojifungua ndugu yangu mdogo, mama yule alimletea samli na akakataa malipo. Nami nalimwita mama, wala sikupata kufikiri kwamba pana jina jingine la kumwita.

Agosti ya 2012 nilikuwa na miaka 10. Ujumbe ulifika katika simu ya mjomba wangu, naye macho yake yalikuwa dhaifu na herufi zake chache. Akaniita, akanisimamisha mbele ya wanaume waliokaa chini ya mwembe, akaniambia, "Soma, mwanangu." Nikasoma. Ujumbe ulisema kwamba wao watakuja usiku wa siku fulani, na kwamba yeyote atakayeendelea kuwakaribisha mlangoni kwake ni msaliti. Haukuwa na jina la mwandishi. Nilisoma bila ya kukwama hata mara moja, na mzee mmoja akasema mtoto huyu atafika mbali. Kisha mjomba akataka niupeleke kwa nambari nyingine, kwani mimi nalijua kubonyeza kuliko yeye. Nikaupeleka kwa watu tisa.

Asubuhi yake mama wa maziwa akaja. Mama yangu alisimama mlangoni, akamwambia bila ya kumtazama, "Leo hatuchukui." Yule akauliza, "Na kesho?" Mama hakujibu. Akafunga vibuyu vyake akaenda zake. Usiku uliotajwa ulipita, wala hakuja mtu.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba walikufa watu 38 huko Kilelengwani, polisi 9 miongoni mwao. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Palitangazwa amri ya kutotoka nje usiku, pakaundwa tume ya uchunguzi, na upande mmoja haukubaki bila ya kaburi. Sisemi kwamba ujumbe niliousoma ndio uliowaua watu wa Riketa. Sina haki ya kusema hivyo, na kudai hivyo kungekuwa namna ya kujikuza. Nauliza tu: aliyesoma, akasambaza, akalala, ana lawama au hana?

Wengi watanijibu kwamba mtoto asiyebaleghe haandikiwi. Nakubali. Lakini jawabu hilo laniokoa mimi peke yangu. Mjomba alikuwa mtu mzima, naye alisema, "Mimi nilisomewa tu." Aliyemletea mjomba alisema, "Mimi nililetewa tu." Kila mmoja ana mtu nyuma yake, na ukiufuata msururu huo hufiki kwa yeyote. Sheria ya Kenya ya 2008 juu ya utangamano humtia hatiani mwenye kutoa maneno ya chuki, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 1, au yote mawili. Hiyo ni sheria nzuri. Ila mahakama humtaka mtu aliyesema, na chini ya mwembe wetu hakuna aliyekiri kusema. Sote tulisoma.

Wengine watanikumbusha Suratul Hujurat, kwamba khabari ichunguzwe kabla ya kufuatwa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ni kweli, na hapana mimbari isiyolisema. Lakini nitachunguzaje, usiku, kijijini, na kalenda ya ujumbe yanipa siku mbili? Hapo ndipo tunapoachwa kila mara. Twaamriwa kuchunguza, wala hatufundishwi mlango wa kuingilia.

Hebu tupande na mto mpaka Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wakati wa serikali ya kikoloni, wafungwa 11 waliokuwa kizuizini huko walipigwa na walinzi wao hata wakafa, kwa sababu ya kukataa kufanya kazi ya shuruti. Tangazo la kwanza la serikali lilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji. Tazama ustadi wake. Halikusema kwamba maji yaliwaua. Lilitaja maji, kisha likataja vifo, likamwachia msomaji wa Nairobi na wa London aunganishe mwenyewe. Na aliyekuwa mbali aliunganisha, kwani hakuwa na jingine la kushika. Tangazo hilo halikuvunjwa na tangazo lililo fasaha zaidi. Lilivunjwa na madaktari walioikagua miili wakaona alama za kipigo, na baadaye na hakimu aliyechunguza sababu za vifo. Aliye karibu na kitu ndiye aliyelishinda neno la mbali.

Basi katika jambo letu la 2012, ni nani aliyekuwa karibu na khabari tuliyoitaka? Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na kila mara jawabu ni lilelile, nami naona haya kuliandika: alikuwa amesimama mlangoni. Ikiwa Waorma wa ng'ambo walikuwa wakijiandaa kutuua usiku, huyu ndiye ambaye angeweza kujua, na alikuja na maziwa, akauliza khabari ya kesho. Ushahidi gani mwingine tuliutaka? Lakini ujumbe ulikwisha kutangulia kumwita msaliti yeyote atakayemfungulia. Uliufunga kwanza mlango ambao uwongo wake ungejulikana kupitia hapo. Tangu nilipolifahamu hili nimeacha kuhesabu ujirani kuwa ni adabu na upole tu. Jirani ni chombo cha kujulia ukweli, na mwenye kukivunja amejitia upofu mbele ya kila ubao na kila simu.

Mtu aweza kuniambia kwamba si kila onyo ni uwongo. Kweli kabisa, na sisi twalijua hilo kwa gharama. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei za 2024, mto ulipofurika na bwawa la Masinga huko juu likajaa hata likamwaga, maonyo yalitufikia kwa simu zizi hizi. Mama yangu alikawia siku mbili kuhama. "Simu hizi zilitudanganya mwaka ule," alisema, na mbuzi wetu wawili wakachukuliwa na maji. Yaani uwongo wa 2012 ulikuwa ungali ukitutoza baada ya miaka kumi na zaidi. Lakini maonyo hayo mawili hayafanani. La mafuriko halikumkataza mtu kwenda kuutazama mto. La chini ya mwembe lilikataza kutazama. Wala sisemi kwamba mlango uliofunguliwa humlinda mtu daima. Mwaka ule haukuwalinda wote. Nasema kwamba onyo lenye kukukataza kumwuliza anayeshtakiwa lilipaswa kututia shaka kabla ya mshtakiwa mwenyewe.

Likizo ile nikavuka mto kwa mtumbwi kumtafuta mama wa maziwa. Amezeeka. Hakunitambua kwa jina ila kwa sura ya mama yangu. Nilimwamkia, akanikalisha, nami nikamweleza juu ya ujumbe na juu ya aliyeusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwetu pia ulifika, siku ileile. Walibadilisha jina tu." Nikamwuliza ni nani aliyewasomea. "Mwanangu," akasema. "Wewe na yeye hirimu moja."

Nikamwuliza, kama alikuwa amesomewa hayo, kwa nini asubuhi yake alikuja kwetu. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Akasema maziwa yalikuwa yamekwisha kukamwa.

Kazi ya mwalimu nimeipeleka. Ameirudisha na alama ya kuuliza pembeni: ni nani aliyeuandika ujumbe wa kwanza, na kwa nini sikumtafuta? Ni swali la haki, na sina jawabu. Mama yangu yeye aliniuliza jambo jingine niliporudi, akiwa amenipa mgongo jikoni: kama yule bibi bado ana ng'ombe. Nikamwambia anao wanne.