Bomba la Mwenzio Usiliguse

Wanangu, mmezoea kuijua homa ya ini kwa macho ya manjano, basi asiye na manjano hujiona mzima. Ile ya aina C haina papara hiyo. Hukaa mwilini miaka 20 au 30, mwenyewe analima, anaoa, analea. Na pengine dalili zake hazimwanzi kwenye ini. Humwanza miguuni.

Madoa ya rangi ya damu ya mzee humtoka chini ya magoti. Viungo vinauma, mwili unalegea, nyayo zinawaka na kufa ganzi. Ataambiwa ni aleji, ataambiwa karogwa. Kumbe ni damu. Kinga ya mwili ikipambana na kirusi mwaka nenda mwaka rudi, hutengeneza protini ambazo zikipoa chini ya nyuzi 37 huganda kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. Madaktari huziita krayoglobulini. Huzivimbisha kuta za mishipa midogo. Zikifika kwenye figo, mkojo hutoka na damu na presha hupanda. Wachache huishia kwenye saratani ya limfoma. Hata kipimo cha krayoglobulini kina mtego: damu ikipoa kabla ya kushughulikiwa maabara, jibu laweza kuja kwamba hamna kitu.

Kwa kirusi hiki Misri ililipa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 watu walidungwa sindano za kutibu kichocho, na kwa sindano zilizorudiwa bila kusafishwa sawasawa kirusi kikaenea nchi nzima. Nia ilikuwa njema, na kirusi chenyewe hakikujulikana hadi 1989. Nyinyi mnakijua. Basi mna udhuru gani mkipokezana bomba la sindano maskani, au wembe wa chale, au sindano ya tatoo?

Chanjo ya aina B ipo. Ya C haipo. Dawa ipo, vidonge vya wiki 12 hivi, na huwaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Kirusi kikiondoka, madoa mengi hufutika. Lakini figo iliyokwisha kuharibika na ganzi iliyokwisha kuingia nyayoni hazina ahadi hiyo.

Aliyewahi kupokezana bomba, hata mara moja, hata zamani, aende akapimwe wiki hii. Na mwenye madoa miguuni asione haya: amwombe daktari ampime homa ya ini C.