Wepesi Wako, Uzito wa Nani?

Ukimuuliza fundi pikipiki ipi inafaa kuendesha porini kwa starehe, kwenye njia nyembamba za mawe na mizizi, jibu lake ni fupi: chukua nyepesi, na ukiipata ya mipigo miwili, ile tu-stroki, usiiache. Nakubaliana naye. Ila kuna swali ambalo haliandikwi kwenye karatasi ya bei: ule wepesi umetoka wapi, na nani anaulipia?

Tuanze na sababu za kuipenda. Yamaha YZ125 ikiwa imejazwa mafuta ina kilo 95 hivi. Honda CRF300L, ya mipigo minne na ya kutembelea barabarani pia, inapita kilo 140. Kwenye lami tofauti hiyo hata huioni. Lakini uko korongoni saa kumi na moja jioni, pikipiki imelala ubavu na mikono inatetemeka: hapo kilo 45 zinaweza kuamua kama utalala kwako au porini. Kipimo changu cha kwanza ni hicho, uweze kuiinua peke yako, mara ya kwanza na mara ya kumi. Mwenye pikipiki asiyoweza kuiinua amewaajiri wenzake bila kuwaambia.

Wepesi peke yake hautoshi, kwa kweli. YZ125 ni ya mashindano. Nguvu zake zinapatikana injini ikipiga kelele, na mgeni atateseka na klachi siku nzima. Ndiyo maana wengi wa porini huishia kwenye tu-stroki za cc 250 au 300, kama Beta Xtrainer, zinazovuta taratibu kutoka chini.

Sasa tuingie ndani ya injini. Ya mipigo minne inavuta hewa, inakandamiza, inawaka, inatoa moshi. Kila kazi na zamu yake, kwa hiyo inawaka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Tu-stroki inawaka kila mzunguko. Haina valvu za kichwani wala kemshafti. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kuziba matundu. Vyuma ni vichache, na fundi anaweza kubadilisha pistoni na ringi chini ya mwembe. Gharama yake ni kwamba mafuta mapya yanapoingia, tundu la moshi bado liko wazi, na sehemu ya petroli inapita mbichi hadi kwenye ekzosi. Oili nayo inaungua pamoja na petroli, na ndiyo ule moshi wa bluu. Uzito uliotolewa kwenye chuma umehamia hewani.

Anayeupokea ni nani? Jimbo la California liliwahi kujibu kwa stika. Pikipiki za porini zilizokidhi viwango vya moshi zilipewa ya kijani, zikaruhusiwa mwaka mzima. Zisizokidhi, nyingi zikiwa tu-stroki za mashindano, zilipewa nyekundu, zikafungiwa baadhi ya maeneo kwa misimu fulani. Kelele pia zimewekewa kikomo: desibeli 96 kwa zilizotengenezwa tangu 1986. Utaratibu huo unawezekana mahali ambapo pori la kuchezea limetengwa, na unayekutana naye amekuja kustarehe kama wewe.

Kwetu njia nyembamba ni barabara ya mtu. Iwe Usambara au Ngong, pale unapoona uwanja wa kujipima ubavu, mama anapita na kuni kichwani, mtoto anatoka shule, mchungaji anarudisha mbuzi. Hawakuja kwenye mchezo wako.

Hapo mtu ataniuliza: mbona bwana shamba na Yamaha AG100 yake humsemi? Ni kweli, AG100 nayo ni tu-stroki, na pikipiki kama hizo zimewafikisha maofisa ugani na wahudumu wa afya mahali gari lisipofika. Mwanafalsafa Henry Shue, katika makala yake ya 1993, alitofautisha hewa chafu inayotokana na kutafuta riziki na ile ya anasa, akasema si haki kuzipima sawa. Nakubali, ila pua ya mtoto haijui tofauti hiyo. Moshi wa chanjo na moshi wa Jumamosi unamkohoza vilevile. Tofauti ni kwamba mwenye chanjo analeta kitu kwenye njia anayoichafua. Sisi wa Jumamosi tunaleta nini?

Je, tuache? Sidhani. Maisha yasiyo na starehe nayo ni mzigo, na anayekataza moshi wa mwenzake huku akipanda ndege kwenda likizo hana cha kutufundisha. Ninachodai ni hesabu iliyo kamili. Kwenye modeli za mwaka 2018 KTM walileta tu-stroki za porini zinazopuliziwa mafuta kwa sindano, oili ikiwa na tangi lake, na petroli inayopotea ikapungua. Mwenye uwezo aanzie hapo, akijua kwamba sensa na kompyuta yake si kazi ya chini ya mwembe. Asiye na uwezo abaki na kabureta, lakini aiseti vizuri, apime oili kama mtengenezaji alivyoandika, na silensa asiiguse kwa ajili ya sifa. Kabla ya kuingia, apite kwa mwenyekiti wa kijiji. Akifika kwenye nyumba, apunguze mwendo. Akikutana na mbuzi, azime kabisa.

Kipimo changu cha pili basi ni hiki: baada ya kuzima, uvue helmeti, umsalimie yule uliyemkuta njiani, naye akuitikie bila kufunika pua. Pikipiki ikishindwa hapo, hata ingekuwa na kilo 50, bado ni nzito.