Jiwe la Nyuma



Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, anatutaka tuvue kila kinachotulemea ili tuweze kukimbia vizuri. Somo hilo nimelihubiri mara nyingi, na kila mara nilidhani nalielewa. Mwaka huu trekta la mtaa wetu limenionyesha kwamba nilikuwa nimelisoma nusu.

Wengi mnalijua trekta lenyewe: dogo, la mtumba, lenye kijiko mbele. Tulilinunua lituzolee mchanga wa mtoni kwa ujenzi, tena liwasombee wajane mbolea. Tangu wiki ya kwanza dereva alitueleza kwamba kijiko kikijaa, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Akaomba nusu pipa na mfuko mmoja wa saruji, atengeneze jiwe la kufunga nyuma. Jambo likaletwa kwenye Halmashauri ya Mtaa. Nami, mtunza hazina wenu, nikasimama nikasema kuwa saruji ni ya sakafu ya kanisa, na kwamba hatuwezi kuzika mfuko mzima ndani ya pipa lisilolima, lisilobeba wala kuvuta kitu. Watu wakacheka, hoja yangu ikapita. Badala ya jiwe tukakubaliana vijana wawili wasimame nyuma ya trekta, wao ndio wawe uzito. Saruji ilikuwa na bei. Vijana walikuwa bure.

Siku moja wakishuka kuelekea kwenye eneo la ujenzi, kijiko kikiwa kimejaa na kimeinuliwa juu, gurudumu la mbele likaingia kwenye korongo. Nyuma kukanyanyuka. Trekta kama lile breki zake hushika magurudumu ya nyuma tu, na gurudumu lililo hewani, hata ukilibana namna gani, halizuii kitu. Kwa rehema ya Mungu dereva alikishusha kijiko upesi, trekta likatua. Lakini kijana mmoja alikuwa amekwisha kurushwa. Alivunjika mkono. Angeangukia upande wa pili, penye mawe, labda tungemwimbia nyimbo za maziko.

Jioni nilikwenda kumwona. Nyanya yake alinikaribisha, akanipa kiti, akaitikia salamu yangu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hivi mfuko wa saruji ni shilingi ngapi?" Bei nilikuwa naijua. Kumjibu sikuweza.

Usiku ule sikulala. Ndugu zangu, mimi nimefundisha wenzo kwa miaka zaidi ya thelathini, shuleni na kisha katika chuo cha ualimu: mzigo, egemeo, jitihada. Nimechora pembea ya watoto ubaoni mara zisizohesabika. Na bado nilisimama mbele ya halmashauri nikasema jiwe halifanyi kazi! Niliwasha taa nikaandika hesabu ambayo ningempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Egemeo ni ekseli ya mbele. Kilo 300 za mchanga zikiwa mita 1.5 mbele yake ni 450. Jiwe likining'inia mita 2.5 nyuma ya ekseli hiyo, kilo 180 tu zinaukabili mchanga ule. Lau uzito ungefungwa kwenye magurudumu ya nyuma yenyewe, yaliyo mita 1.8 kutoka egemeo, zingehitajika kilo 250. Uzito ni kitu, na mahali unapowekwa ni kitu kingine.

Basi tukalitengeneza. Pipa la lita 200 lilikatwa katikati. Fundi wa kuchomelea akapitisha chuma kinene toka ubavu hadi ubavu, ncha zake zikiwa na unene wa milimita 22 ili ziingie kwenye mikono miwili ya chini ya trekta, iliyoachana kama sentimita 68. Juu akasimamisha vyuma viwili bapa vyenye tundu la pini ya mkono wa juu, akaviunganisha na chuma cha chini kwa nondo, maana zege tupu likivutwa hupasuka. Halafu tukamimina saruji, mchanga na kokoto, 1 kwa 2 kwa 3. Lita 100 za zege ni kama kilo 240. Mfuko niliougombania haukuisha hata wote. Uliobaki ulitosha kuziba ufa wa ngazi ya sakristia.

Niwaonye wenye matrekta yenu: jiwe hili si ruhusa ya kujaza kijiko kupita kiasi, wala ya kutembea kimeinuliwa. Kijiko hutembezwa chini, karibu na ardhi. Na mtu asisimame nyuma tena, hata kwa mzaha.

Narudi kwenye Waebrania. Wazee wetu wa pwani walikuwa na maneno mawili ambayo mimi nilikuwa nimeyachanganya. Kuna shehena, na kuna farumi. Mabaharia waliosafiri na Mtume Paulo, katika Matendo 27, walitupa shehena baharini, hata na ngano, wapate kuokoa roho zao, nao walifanya vema. Lakini jahazi lililokwisha kushusha shehena haliendi tupu. Hutiwa mawe au mchanga chini kabisa, pasipoonekana na mtu, lisije likalala kwa upepo wa kwanza. Hiyo ndiyo farumi. Mtume hakutuambia tutupe farumi.

Nilipostaafu nilifurahi kutua mizigo: kengele, daftari la mahudhurio, mitihani ya kusahihisha. Sawa, hiyo ilikuwa shehena. Ila pamoja nayo nikaitua Sala ya Asubuhi, ambayo kwa miaka mingi niliisali kabla ya kengele, na nikaacha kumtembelea mzee mmoja kipofu niliyekuwa nikimsomea Injili kila Jumamosi. Nilijiona mwepesi. Wakati huohuo nikapokea uhazina, nikapewa kiti cha mbele na neno la mwisho katika mikutano. Kijiko changu kilikuwa kinapanda, na nyuma hapakuwa na kitu. Je, ni ajabu kwamba mtu wa namna hiyo aliweza kuwapima watoto wa watu kwa saruji? Dhambi ile sikuitenda kwa hasira. Niliitenda kwa hesabu za hazina zilizo sawasawa kabisa, na wote mlinipigia makofi.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa yule mzee. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniambia tu tulipoishia, Luka sura ya 16.

Siku ya kumimina zege, kijana wetu alikuja mkono ungali kwenye plasta. Akachukua karai kwa mkono wa kushoto, akamwaga la kwanza. Mimi nilishika koleo. Kwa siku 7 tulilimwagia jiwe maji asubuhi na jioni, na sasa linangoja zitimie siku 28 ndipo lininginizwe. Mpaka hapo trekta halitoki. Waliotuma maombi ya mchanga watuwie radhi, na nyanya yake kijana atakuwa wa kwanza kupelekewa mbolea.